Kizuri Hakikosi Ila: Mazungumzo Kuhusu Kamera ya Titani

Ndugu zangu wapenzi wa picha, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie kamera za filamu za kifahari, zile ndogo zinazoingia mfukoni, na katika kundi hilo nimeamua kukaa sana na moja, Contax T2. Ndiyo inayotafutwa, ndiyo inayopigiwa debe, na ndiyo inayotukanwa kuliko zote. Najua wapo waliokuja leo kwa sababu wameiona mkononi mwa mtu maarufu. Karibuni. Wapo pia waliokuja wamenuna tayari, wanaoamini kwamba hili ni pambo la shingoni wala si chombo cha kazi. Nanyi karibuni, tena sogeeni mbele, maana nusu ya mnayoyasema ni kweli.

Hoja yangu ni moja, na ninaisema mapema. Kinachoifanya kamera hii ipendeze ndicho hichohicho kinachoifanya isumbue. Uzuri na kero zake vimezaliwa tumbo moja. Waliobuni T2 waliamua iwe nyembamba, laini machoni, isiyo na msururu wa vitufe. Kila kero utakayokutana nayo, ukiifuatilia hadi kwenye mzizi, utaukuta uamuzi huo.

Nianze na asili yake, kwa kifupi. Jina Contax ni la Wajerumani. Kampuni ya Zeiss Ikon ilitoa kamera ya kwanza yenye jina hilo mwaka 1932. Katika miaka ya 1970 Zeiss ilishirikiana na Yashica ya Japani, na mwaka 1983 Yashica ikamezwa na Kyocera. Mwaka uliofuata ikatoka Contax T, kamera ndogo iliyobuniwa na studio ya Porsche, ambayo fokasi yake, yaani kuulenga ukali wa picha kwenye umbali unaotakiwa, ulizungusha mwenyewe kwa kidole. T2 ilikuja mwaka 1990, ikiwa na fokasi ya kujiendesha na flashi iliyojengewa ndani. Japani ilikuwa imetoka tu kwenye miaka ya pesa nyingi, na soko lilikuwa tayari kwa kamera ya mfukoni isiyoona haya kuwa ghali.

Shikeni basi T2 mkononi, walau kwa mawazo. Ina gramu 295 bila betri, upana wa milimita 119, kimo 66, unene 33. Ganda ni titani. Kioo kinachokinga kitundu cha kuchungulia ni yakuti samawi, na kitufe cha kupigia nacho ni yakuti, ya kiwandani bila shaka, si ya kuchimbwa. Mtu atauliza: yakuti kwenye kamera ya kazi gani kama si maringo? Jibu ni kuangalia mwenye kiwanda ni nani. Kyocera ilianzishwa mjini Kyoto mwaka 1959 na Kazuo Inamori, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza vipande vya kauri vya kuzuia umeme ndani ya televisheni. Kauri ndiyo fani yao, na baadaye wakaingia pia katika vito vya kutengenezwa. Walipoipata Yashica walikuwa na malighafi ambayo mtengenezaji mwingine wa kamera angelazimika kwenda kuinunua.

Kuna kipande kimoja ambacho wanunuzi wengi hawapati hata kukitazama, na kwangu ndicho kinachotenganisha kazi na maringo. Fungua mlango wa nyuma. Upande wa ndani wa mlango huo kuna bamba linaloibana filamu ili ilale bapa mbele ya lenzi. Katika kamera nyingi bamba hilo ni bati lililopakwa rangi. Katika T2 ni kauri. Filamu ina tabia ya kutaka kujikunja, maana imeviringishwa ndani ya kikopo tangu ilipotoka kiwandani, na ikijikunja hata kidogo sana, katikati ya picha panakuwa pakali na pembeni panafifia. Kauri haipindi, haishiki kutu, na haichakai upesi kwa kusuguliwa na filamu. Hapo hakuna wa kumringia, kwa sababu mlango ukifungwa haionekani. Ndiyo maana nasema Mgala muue, lakini haki yake mpe.

Lenzi ni Zeiss Sonnar ya milimita 38, f/2.8 (hiyo f ni kipimo cha tundu linalopitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), vioo 5 katika makundi 4, na ina utando wa T* wa kupunguza miale inayoruka ndani ya lenzi. Jina Sonnar limeanza zamani: Ludwig Bertele alibuni lenzi za jina hilo kwa ajili ya Contax ile ya 1932, akiunganisha vioo kwa gundi ili nyuso zinazogusana na hewa ziwe chache, kwani wakati ule hapakuwa na utando, na kila uso wa kioo uliokutana na hewa ulirudisha sehemu ya mwanga. Sonnar ya T2 ni mjukuu wa mbali wa zile, tusidanganyane. Lakini milimita 38 ni chaguo la mtu mwenye akili. Si pana kiasi cha kumvuta pua mtu uliyemkaribia, wala si nyembamba kiasi cha kukulazimisha urudi nyuma hadi ugonge ukuta. Kwa picha za watu, mezani, kwenye gari, mlangoni, unasimama pale ambapo ungesimama kuzungumza nao.

Sasa tuje kwenye kero.

Juu ya kamera, upande wa kulia, kuna kifundo cha kuzungusha. Kikiwa kwenye OFF kamera imelala. Ukikisogeza hatua moja kwenye AF, mota inalia kidogo, lenzi inatoka, vibamba vinavyoikinga vinafunguka. Ukiendelea kuzungusha, hauko tena kwenye fokasi ya kujiendesha: unakutana na alama ya mbali kabisa, kisha namba za mita zinashuka hadi 0.7. Yaani kuwasha kamera na kufokasi kwa mkono ni kifundo kimoja. Hapa mbunifu amejiokolea nafasi ya kifundo kizima, na sehemu ya juu imebaki safi kama mlivyoiona kwenye picha za matangazo. Bei yake unailipa siku umetoa kamera kwa haraka, kidole kikapitiliza hatua moja, ukawa umefunga fokasi mbali kabisa huku mtu yuko umbali wa hatua mbili mbele yako. Kamera haitakugombeza, itapiga. Utajua filamu ikishasafishwa.

Lakini kifundo hichohicho ndicho kinachokuokoa dirishani. Fokasi ya T2 hupima umbali kwa kutuma mwanga wa infraredi usioonekana na kuangalia unavyorudi. Ukiwa ndani ya treni ukapiga mlima ulio nje, mwanga ule unaweza kugonga kioo cha dirisha na kurudi, na kamera ikaamini kwamba mlima uko hapo karibu na pua yako. Mpigaji anayeijua kamera yake anakipeleka kifundo kwenye alama ya mbali kabla hajainua mkono. Kamera nyingi za mfukoni za zama zile hazikukupa namna yoyote rahisi ya kuchagua umbali mwenyewe. Kwa hiyo mnaona: kifundo kinachokuponza barabarani ndicho kinachokuponya safarini.

Pete ya lenzi nitakaa nayo zaidi, kwa sababu ndiyo inayogombanisha watu. Kuizunguka lenzi kuna pete yenye namba za tundu, kuanzia 2.8 hadi 16. Kwa kamera ya mfukoni hiyo ni neema. Unachagua mwenyewe kina cha picha, yaani kiasi gani cha mbele na nyuma kitoke kikali, kamera inachagua kasi ya shata, kile kizuizi kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga. Lakini 2.8 si 2.8. Ukiiweka pete hapo, umeikabidhi kamera uamuzi wote: yenyewe ndiyo inayoamua tundu na kasi. Wengi hununua T2 kwa ajili ya ule mandharinyuma uliolainika, wakaiweka kwenye 2.8 juani, kisha wakashangaa picha imekuwa kali kuanzia sikio la mtu hadi mti ulio nyuma yake. Kamera iliona jua, ikafunga tundu.

Kwa nini ilifunga? Kwa sababu shata yake haiendi kasi zaidi ya 1/500 ya sekunde. Shata hiyo iko ndani ya lenzi, na ni vibamba vidogo ambavyo lazima vifunguke na vifunge tena kwa kila picha. Vikishafika 1/500 ndiyo mwisho wa mbio zake. Pigeni hesabu wenyewe. Filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga) kwenye jua kali inahitaji kama 1/400 kwa f/16. Ukitaka f/4 juani, unahitaji kasi ya 1/6400, na kamera ina 1/500 tu. Picha itapata mwanga zaidi ya mara 10 ya unaohitajika. Filamu ya negativu ya rangi inaweza kustahimili kiasi fulani, ya slaidi haina msamaha. Ndiyo sababu mimi siweki ISO 400 kwenye T2 nikijua siku nzima ni ya jua. Naweka ISO 100: hapo f/8 ni salama kabisa, na f/5.6 inasameheka. Jioni au ndani ya nyumba ndipo 400 inapokuwa rafiki, na ndipo 2.8 inapokuwa 2.8 kweli, kwa kuwa mwanga umepungua na kamera haina sababu ya kulifunga tundu.

Na flashi je? Flashi nayo wameiweka kwenye pete hiyohiyo. Matokeo yake, huwezi kuchagua f/8 na wakati huohuo ukalazimisha flashi iwake. Uko kwenye namba au uko kwenye flashi. Wapo wanaokasirika sana hapa, na siwalaumu, maana kumjaza mwanga mtu aliyesimama kivulini mchana ni jambo la kawaida. Ila tazameni upande wa pili: ukikaa kwenye namba, flashi haitawaka bila kuulizwa. Mnajua wenyewe zile kamera ambazo kila ukiziwasha zinarudi kwenye flashi ya kujiendesha, halafu katikati ya shughuli iliyotulia zinawamulika watu wote usoni. Pete ya T2 inakaa pale ulipoiacha.

Kuna na suala la ISO, ambalo nalipita upesi. T2 haina pa kuiweka kwa mkono. Inasoma zile alama za DX, vile viraba vyeusi na vya fedha kwenye kikopo cha filamu, na kikopo kisicho na alama huchukuliwa kuwa ISO 100. Anayetaka kuidanganya hubandika stika yenye alama nyingine. Ni ujanja wa kizamani lakini unafanya kazi.

Kitundu cha kuchungulia nacho kinaona kwa jicho lake, si kwa jicho la lenzi, kwa kuwa kiko pembeni na juu yake. Mbali haina shida. Karibu na sentimita 70 unaweza kukata vichwa vya watu huku umeapa uliviona. Ndani ya kitundu kuna alama za kusahihisha. Zitumieni.

Nisiwaonee Contax peke yao. Nikon walitoa 35Ti mwaka 1993, nayo ni ya titani, lenzi ya milimita 35 f/2.8. Kitu cha kwanza utakachokiona ni uso wake wa juu: mviringo wenye mishale kama saa ya mkononi, chini ya kioo. Bonyeza kitufe nusu na mshale unakimbia kuonyesha kamera imefokasi umbali gani. Mwingine unaonyesha tundu, mwingine idadi ya picha. Ukiizima, mishale inalala. Ni mchezo mtupu, watu husema, lakini mimi nakataa. Kamera nyingi za kufokasi zenyewe hukuwashia taa ya kijani na kukuambia nimepata, bila kusema zimepata nini. 35Ti inakuonyesha. Mshale ukisimama kwenye mita 5 na mtu yuko mita 1, unajua imeshika ukuta, unapima upya kabla hujapoteza filamu. Tatizo ni kwamba ili kuisoma lazima uiangalie kutoka juu, wakati jicho lako linatakiwa liwe nyuma. Na flashi yake hujiwakia gizani, hadi ushikilie kitufe cha kuizuia kwa kidole cha mkono mwingine huku ukipiga. Kila picha. Tena wakaongeza swichi ya panorama, ambayo hufunika juu na chini ya fremu ileile ya milimita 24 kwa 36 ili ionekane ndefu. Huo ulikuwa ulevi wa miaka ya 1990, ushapita.

Ricoh GR1 ya mwaka 1996 ilifuata njia nyingine: ganda la magnesi, jeusi, halina hata chembe ya mapambo, lenzi ya milimita 28. Daido Moriyama, mpiga picha wa mitaani wa Japani, alitembea na kamera za GR kwa miaka. Ukiweka filamu, GR1 inaivuta yote hadi mwisho kwanza, kisha inairudisha kikoponi picha moja baada ya nyingine. Mlango ukifunguka kwa bahati mbaya, ulizokwisha kupiga ziko salama ndani ya kikopo, na zinazoungua ni zile ambazo hujapiga. Hakuna anayeipigia picha kamera hii akaiweka mtandaoni kwa sababu ya urembo, na mbunifu wake sidhani kama anasikitika.

Tuseme na la bei, maana ndilo mlilokuwa mnalisubiri. T2 ilikuwa ghali tangu dukani, ikateremka watu walipohamia dijitali, ikabaki kwa wachache wanaoipenda. Mwaka 2017 mwanamitindo Kendall Jenner alikwenda nayo kwenye kipindi cha televisheni cha Jimmy Fallon, na watu ambao hawajawahi kuweka filamu kwenye kamera wakaanza kuitafuta. Sina ugomvi na mwanamitindo huyo, alipiga picha kwa kamera yake. Ugomvi wangu ni kwa wauzaji wanaosema lenzi hii ina miujiza. Olympus walitoa mju-II mwaka 1997, ya plastiki, gramu 135, lenzi ya milimita 35 f/2.8, tena inastahimili matone ya mvua. Chukua picha iliyopigwa kwa kamera hiyo na iliyopigwa kwa T2 mwanga ukiwa mzuri, zichapishe kwa ukubwa wa albamu, uwaombe marafiki wachague ya Zeiss. Wengi watabahatisha tu. Unachokilipia kwenye T2 ni pete ya tundu, kifundo cha umbali, na chombo kinachokupa hamu ya kukitoa mfukoni. Hiyo ya mwisho msiidharau. Kamera inayobaki nyumbani haipigi kitu.

Ila mjue pia mnanunua mgonjwa asiye na hospitali. Kyocera ilijitoa kwenye biashara ya kamera mwaka 2005. Kila kitu ndani ya T2 kinaendeshwa kwa umeme, hata kuirudisha filamu, na bodi ya umeme ikifa, fundi huvuna kiungo kutoka kamera nyingine iliyokufa, kama ipo. Leica Minilux ya mwaka 1995 ina ugonjwa wake unaojulikana na kila mtu: maandishi E02 yanatokea kwenye kioo kidogo cha juu, na mara nyingi sababu ni utepe mwembamba wa umeme unaopindwa kila lenzi inapotoka na kurudi, hadi unakatika. Titani haikusaidii hapo. Ganda litadumu kuliko roho iliyomo.

Kwa hiyo anayenunua asiangalie mikwaruzo kwanza. Awashe na kuzima mara kadhaa, asikilize kama mota inasita, aone lenzi inatoka moja kwa moja bila kukwama. Aangalie kioo cha namba kama hakijavuja wino mweusi pembeni. Aende na betri yake mpya ya CR123A, asikubali kuambiwa kwamba haiwaki kwa sababu betri imekwisha. Na kama muuzaji ni muungwana, aombe apige filamu moja nzima, aisafishe, ndipo alipe. Muuzaji akikataa kabisa, hilo nalo ni jibu.

Nina T2 moja hapa, ninaipitisha sasa mikononi mwenu. Ina filamu ndani, kwa hiyo mlango wa nyuma usiguswe tafadhali. Pete iko kwenye 4, na humu ukumbini mwanga ni mdogo, basi bana viwiko ubavuni unapobonyeza, maana shata itakwenda polepole. Naona mkono umeinuka kule nyuma. Ndiyo, dada, uliza.